Mhalifu Akitibiwa kwa Nguvu: Filamu Zinatutisha Kihalali?

Katika A Clockwork Orange, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1971, kijana Alex anatumikia miaka 14 kwa kosa la kuua. Kuna tiba mpya, na akiikubali ataachiwa mapema. Anatia saini. Anafungwa kitini, kope zinabanwa kwa vyuma asiweze kufumba, msaidizi anamdondoshea dawa macho yasikauke. Ameshadungwa dawa ya kumtia kichefuchefu, na mbele yake zinapita picha za watu wakipigwa na kubakwa. Wiki mbili baadaye anapandishwa jukwaani mbele ya wakubwa. Mtu anamtukana, anamwangusha, anamwamuru alambe soli ya kiatu, naye, akibanwa na kichefuchefu kila akitaka kupigana, analamba. Ukumbi unapiga makofi. Kasisi wa gereza anasimama kupinga: huyu hakuchagua wema, amenyang'anywa uwezo wa kuchagua. Waziri hana habari na nia ya mtu. Anachotaka ni uhalifu upungue.

Wanaoitetea filamu hii husimama na kasisi, wala hofu yao si ya kubuni. Zama zizo hizo, katika taasisi moja ya jimbo la Iowa, Marekani, mtu aliyetukana au kuvunja kanuni ndogo alidungwa apomofini, dawa ya kutapisha, akatapika robo saa na zaidi. Mwaka 1973 mahakama ya rufani ilisema huo ni ukatili unaokiuka katiba, isipokuwa mhusika ameridhia huku akijua anachokiridhia.

Upande wa pili nao una hoja, na naona hausikilizwi vya kutosha. Alex ndiye anayetusimulia, kwa ulimi mtamu na muziki wa Beethoven. Walioumizwa naye hatuwajui. Mwandishi ambaye mkewe alibakwa mbele ya macho yake anarudi baadaye kama mlipiza kisasi tu. Ukitoka hapo, mpango wowote wa kurekebisha wafungwa utakunukia mateso, hata ule wa kuwafundisha kuzuia hasira.

Kwangu kosa kubwa ni jingine: tiba ya Alex inafaulu, tena haraka. Huko Oak Ridge, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili jimboni Ontario, Kanada, katika miaka ya 1960 na 1970 wagonjwa walipewa LSD, dawa ya kumfanya mtu aone njozi, wakafungiwa pamoja uchi kwa siku kadhaa, chakula kikiwafikia kwa mirija iliyopitishwa ukutani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta kwamba wenye usaikopathi, yaani hali ya kutokuwa na huruma wala majuto, waliopitia mpango huo walirudia ukatili zaidi kuliko wa aina yao waliopelekwa gerezani tu. Kwa wasiokuwa na usaikopathi, ukatili ulipungua. Filamu ya The Terminal Man ya mwaka 1974 haikupata sifa kama ile ya Kubrick, ila hapa imeona mbali: mgonjwa anatiwa vifaa vya umeme kichwani vizuie kifafa chenye fujo, ubongo unanogewa na ule mshtuko, kifafa kinaongezeka, anaua.

Siku hizi kibao kimegeuka. Katika The Work, filamu ya hali halisi ya mwaka 2017, wafungwa wa gereza la Folsom, California, wanakaa siku nne na watu wa uraiani wakifukua machungu yao. Wanaume wenye miili ya kutisha wanalia kwa sauti, wenzao wamewashikilia. Inagusa, na naamini machozi yale ni ya kweli. Lakini kila aliye pale alitaka kuwapo. Aliyebaki seli akiwacheka wenzake hatumwoni, ilhali mkaidi wa aina hiyo ndiye aliyewafanya watu wakimbilie tiba za dawa na umeme.

Tena ridhaa yenyewe inateleza. Alex naye alitia saini, kwa sababu karatasi ile ilikuwa mlango wa kutokea. Hoja ya kasisi inambana waziri, sawa, lakini kasisi hasemi afanyweje mtu aliyeua, aliyepewa kila msaada wa heshima, na akaukataa. Aendelee kufungiwa hadi lini? Filamu inayokaa na swali hilo kwa saa mbili, bila mashine wala machozi, ningelipa kiingilio kuiona.