Dola zisizo na senti

Nchi ikijikuta inatumia fedha mbili, wa kwanza kulaumiwa ni wananchi: hawana uzalendo, wanaabudu dola. Wanaosema hivyo wana hoja. Benki kuu isiyochapa fedha inayotumika hukosa faida ya kuichapa, na benki ya biashara ikikaukiwa dola haina wa kuiokoa. Riba nayo huamuliwa Washington, kwa mahitaji ya Marekani. Mwaka 2015 randi iliporomoka. Bidhaa za Afrika Kusini zikawa rahisi, na viwanda vya Zimbabwe, iliyokuwa ikitumia dola, vikabaki na gharama za dola, fedha ambayo nchi haikuwa na uwezo wa kuishusha thamani.

Hayo hayapingiki. Lakini fuatilia chenji uone nani hasa aliiharibu fedha ya nyumbani.

Noti za dola husafiri, senti hazisafiri: ni nzito, thamani yake ni ndogo, na kuzisafirisha hakulipi. Zimbabwe ilipohamia fedha za kigeni mwaka 2009, wenye maduka walirudisha chenji kwa pipi, viberiti na vikaratasi vya deni. Bei nazo zikasogea juu kuelekea dola kamili, kwa kuwa kitu cha senti 70 hakiuziki kama huna senti 30 za kurudisha. Aliyeumia zaidi ni yule anayenunua kidogo kidogo. Panama na Ecuador zilikwepa balaa hili kwa kutengeneza sarafu zao zenye thamani sawa na senti za Marekani.

Kambodia haikuhitaji hata hilo, kwani riel, fedha yake ya nyumbani, ndiyo chenji. Kitu ni dola 3.40, umetoa noti ya 5: unarudishiwa dola 1 na riel 2,400, kwa hesabu ya riel 4,000 kwa dola, kiwango ambacho hakijasogea sana kwa miaka mingi. Muuzaji haogopi kulala na riel mfukoni. Fedha ya nyumbani imepata kazi ambayo dola haiiwezi, na inaifanya bila askari.

Zimbabwe nayo ilikaribia kufika hapo. Desemba 2014 ilitoa sarafu za senti 1, 5, 10 na 25, zilizolinganishwa na za Marekani. Watu walisita, kisha wakazizoea, maana zilijaza pengo. Novemba 2016 zikaja noti, nazo zikatangazwa kuwa sawa na dola. Hizi hazikuwa na pengo la kujaza. Zilikuja kukalia kiti cha dola, na dola zikaingia chini ya godoro. Februari 2019 akiba zilizowekwa benki kama dola ziligeuzwa fedha mpya ya ndani, iliyoanza kwa 2.5 kwa dola moja. Juni fedha za kigeni zikapigwa marufuku. Machi 2020 zikaruhusiwa tena. Na kumbuka kwamba mwaka 2015, akaunti za dola ya zamani ya Zimbabwe zilipofutwa, hata aliyekuwa na kuadrilioni 175 (yaani 175 ikifuatwa na sifuri 15) aliambulia dola 5 za Marekani.

Aliyenyolewa mara mbili namna hii akikataa fedha ya tatu, huo ni usaliti au ni hesabu? Aprili 2024 ilizinduliwa ZiG, fedha mpya ya Zimbabwe, ikaelezwa kuwa ina dhahabu nyuma yake, kwa kiwango cha takriban 13.56 kwa dola. Septemba mwaka huohuo benki kuu yenyewe iliishusha kwa asilimia 43. Tena tangu uzinduzi, vituo vya mafuta viliruhusiwa kuendelea kuuza kwa dola tu. Dereva aliyepokea nauli kwa ZiG alipaswa kuzisaka dola kwanza, ndipo aisogelee pampu.