Hofu Ilitoka Sengerema

Kabla ya yote: sijaachika. Nasema hivyo kwa sababu tangu juzi jioni nimepigiwa simu na watu saba, mmoja yuko Songea kabisa, wote wananipa pole. Deo, mpiga kinanda wa kwaya yetu na rafiki yangu tangu enzi za kuiba maembe, alirusha sauti ya dakika mbili kwenye kundi la jumuiya: "Mwalimu kabatilishiwa ndoa mbele ya mapadri sitini, mkewe kaingia na samaki."

Mapadri hawakufika sitini. Ndoa iko palepale. Na wewe Deo, ungekaa ndani badala ya kuchezea nyaya ungewasikia wenyewe wakieleza kwamba Kanisa halibatilishi ndoa ya mtu, linachunguza kisha linatangaza kama ilikuwa batili tangu siku ile ya kwanza. Ni vitu viwili.

La samaki ni kweli.

Basi bwana. Mnajua wiki hii wanasheria wa Kanisa walikuwa huku kwetu Mwanza kwa mkutano wao wa mwaka. Mapadri wengi, masista wachache, walei wawili watatu wenye miwani, na kila mmoja na kile kitabu chake cha Sheria za Kanisa, cha 1983, chenye kanuni 1752. Watu wa ajabu sana hawa. Unamwambia mtu "karibu chai", anakuuliza karibu kwa maana gani. Mimi nilikuwa kamati ya mapokezi: kupokea wageni stendi ya Nyegezi, kuwapeleka Jiwe la Bismarck wapige picha, na jioni kufunga madirisha ili wadudu wa ziwani wasiwaingilie kwenye supu. Ningebaki na madirisha yangu, leo ningekuwa nalala kitandani.

Siku ya pili paroko akanivuta kando. Mchana kulikuwa na kesi ya mfano, wageni wajinoe, na kijana aliyepangwa kuigiza mume kashikwa na malaria. "Mwalimu, si wewe ulicheza Pilato?"

Nilicheza Pilato. Ijumaa Kuu tatu mfululizo. Sifa ikanipanda, nikasema ndiyo kabla Baba hajafika mwisho wa sentensi.

Kesi yenyewe: mke ameiomba mahakama itangaze ndoa yake ni batili kwa kuwa mume aliingia kwa kutishwa. Mke aliigizwa na sista mmoja mpole anayesomea sheria hizohizo. Mimi nikapewa karatasi yenye maelezo yangu yote, jina la uongo, kijiji cha uongo, baba mkwe wa uongo. Nikaisoma mara moja wakati wa chai, nikaiweka chini ya kikombe, mhudumu akaja akabeba kikombe, kisahani na karatasi. Sikushtuka. Pilato naye hakuwa na karatasi.

Tukaketi. Mahakimu watatu mezani, karani pembeni na kalamu yake, na yule mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake katika kesi hizi ni kusema kila linaloweza kusemwa kwa haki ili ndoa isianguke. Padri mwongozaji akawaeleza wasikilizaji kwamba kesi ya kweli haisikilizwi hadharani hivi. Mashahidi huhojiwa mmojammoja, mlango umefungwa, kwa ajili ya heshima ya watu.

Aliyasema hayo kwenye kipaza sauti. Shikeni hapo hapo.

Kwa sababu ukumbi ule una spika nne, na ya nne Deo (huyuhuyu) alikuwa ameitoa nje alfajiri, akaitundika kwenye mwembe nyuma ya jiko ili akina mama wanaopika wasikose Misa. Misa iliisha. Spika haikuzimwa. Na chini ya mwembe ule WAWATA, wanawake Wakatoliki wa parokia yetu, walikuwa wanapara sato wa mchana, na aliyeongoza kamati ya chakula, mwenye kisu kikubwa kuliko vyote, anaitwa Mama Neema.

Neema ni mwanangu. Mmeelewa.

Nikawekewa Injili, nikaapa kusema kweli. Naona hapo ndipo nilipoharibu, maana nilipotafuta uongo wa kwenye karatasi sikuukuta hata mmoja. Nikakuta kweli tu.

"Mlikutana wapi na mkeo?"

"Kwenye ngoma za Bulabo, Baba, yale mashindano yetu Wasukuma. Mimi nilikuwa upande wa Bagika, yeye kwa wapinzani wetu, Bagalu."

Padri mmoja nyuma akasema, "Kizuizi cha tofauti ya dini hicho!" Ukumbi ukacheka. Nami nikaona, kumbe ninaweza.

"Nani alikutisha?"

"Baba mkwe. Nilikuwa nimepeleka ng'ombe tisa kati ya kumi na wawili. Akaniita uani, anachonga mpini, hanitazami. Akasema: ng'ombe wamekuja, na wewe utakuja."

Mtetezi wa kifungo akainuka. Kanuni ya 1103 ndivyo inavyotaka, hofu iwe imetoka nje ya mtu, si ya kujizulia mwenyewe, basi akauliza taratibu: "Hofu hiyo ilitoka nje, au ilikuwa ndani yako?"

"Ilitoka Sengerema, Baba."

Jamani. Kuna mzee mmoja, Monsinyori, alivua miwani akafuta machozi. Hakimu wa kushoto aliinama chini ya meza. Ndugu zangu, chekesheni watu wote, ila msije mkachekesha mapadri arobaini kwa mpigo, hamtaweza kujizuia tena. Nikasogea karibu na kipaza sauti.

Nikawaambia siku ya harusi kivuko kilipoacha gati kuelekea Kamanga, upande wa kwao Sengerema, nilishika chuma, nikatazama maji, nikapiga hesabu kama naweza kuogelea kurudi hadi Capri Point. Wakauliza, na padri alipokuuliza kama unaoa kwa hiari yako? Nikasema niliitikia ndiyo kama mtu aliyeulizwa na trafiki kama amefunga mkanda.

Sasa, kupara sato kuna mlio wake. Kwaru, kwaru, kwaru. Tangu saa tatu tulikuwa tunausikia dirishani, umeshakuwa sehemu ya mkutano kama feni.

Ukakoma.

Mimi sikuutambua. Aliyeutambua ni sista, mke wangu wa kuigiza. Nilimwona anageuza shingo pole pole kuelekea mlango wa nyuma. Nikadhani anaigiza huzuni, nikamsifu moyoni.

Kisha kandambili. Kandambili zilizolowa maji, juu ya vigae. Chwa. Chwa. Chwa. Zinapita katikati ya viti, hazina haraka. Vichwa vya mapadri vinageuka mstari kwa mstari, kama mahindi yakipitiwa na upepo. Mimi bado namalizia habari ya trafiki.

Alisimama hatua mbili kutoka kwangu. Kitenge cha WAWATA, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na sato mmoja mzima amemshika kwa matamvua, nusu ameparwa nusu bado, maji yanamdondoka mkiani yanaingia kwenye kiatu changu cha kuazima. Gamba moja lilikuwa limeganda shavuni kwake, chini kidogo ya jicho, linametameta kila anapopumua. Nililitazama gamba lile. Sikuweza kutazama kingine.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele, amina," wakaitikia mapadri wote, kwa sauti moja nzuri.

"Samahani, Baba hakimu. Mimi ndiye huyo wa Sengerema."

Sista akasogeza kiti chake mbali na changu. Kilikwaruza sakafu muda mrefu sana.

Nilitegemea hakimu aahirishe. Wapi. Yule mtetezi wa kifungo alikuwa ameshasimama, uso umemng'aa kama mvuvi aliyeona wavu unazama. "Mheshimiwa, naomba shahidi huyu apokelewe." Na hakimu, Mungu amsamehe, akampokea. Mama Neema akaweka mkono wa kulia juu ya Injili baada ya kuufuta kwenye kitenge. Wa kushoto ulibaki na sato. Karani, ambaye bila sahihi yake hata karatasi za kesi hazina nguvu, akauliza kwa unyenyekevu, "Na samaki niandike?"

"Andika."

Akatoa ushahidi amesimama. Kwamba kwenye kivuko sikutazama maji kwa mawazo, nilikuwa natapika, na mdogo wangu ndiye aliyenishikia mfuko. Kwamba baba yake alikuwa anachonga mpini kwa sababu ni fundi mipini, anachonga hata akizungumza na paroko. Kwamba wale ng'ombe watatu waliobaki wanasubiriwa tangu 2011. Kwamba kama kuna aliyelazimisha ni mimi, niliyefika kwao mara nne, na mara ya tatu, masika, nikagoma kuondoka nikalala zizini na ndama mpaka mzee akanihurumia.

Monsinyori alikuwa hawezi tena kukaa wima.

Kisha akanigeukia. "Baba Neema. Unajua kuogelea?"

Nikanyamaza.

"Umeulizwa na shahidi," akasema hakimu. Najua kabisa hilo halimo kwenye zile kanuni 1752.

"Sijui."

"Baba karani, andika hajui."

Mahakimu hawakutoka hata kwenda kushauriana. Swali ni kama imethibitika kwamba ndoa hii ni batili. Jibu lao, neno moja: hapana. Makofi. Mwongozaji akafafanua kanuni ya 1060, kwamba ndoa inapendelewa na sheria, na penye shaka ihesabiwe ni halali mpaka ithibitishwe kinyume.

"Mimi sina shaka," akasema Mama Neema, akarudi kwa samaki wake. Kwaru, kwaru.

Mengine hayana hadithi. Mchana nilipakuliwa kichwa cha sato, kichwa kitupu. Jioni wageni wakaenda kutembea kisiwani Saanane, mimi nikafunga madirisha. Kila aliyenipita aliniuliza nimetoka wapi, akajijibu mwenyewe.

Nimejifunza kwa hao mapadri kwamba mpaka mwaka 2015 aliyetaka ndoa itangazwe batili alihitaji hukumu mbili zinazolingana, kisha Papa Fransisko akaliondoa sharti hilo, moja sasa inatosha. Nyumbani kwangu bado tuko kwenye utaratibu wa zamani. Hukumu ya kwanza ilitoka kwa mke usiku uleule. Ya pili ilitoka kwa mama mkwe, na hapa nalaumu maendeleo: zamani angesubiri kivuko cha asubuhi, ningepata hata usiku mmoja wa kujipanga. Sasa kuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, unateleza tu. Sauti ya Deo ilimfikia saa moja, saa tatu alikuwa sebuleni kwangu anakunywa chai yangu. Hukumu zikalingana neno kwa neno.

Naandika haya nikiwa kwenye kochi. Mzee naye ametuma ujumbe, mfupi, anataka kujua habari za wale watatu. Mwenye mitamba huko Magu au Misungwi, bei ya ndugu, anitafute leo. Deo, wewe usinitafute.