Ukuta kwanza, jiko baadaye: maoni kuhusu kambi za likizo ya baridi Ladakh

Shule za Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, hufungwa katikati ya Desemba na hazifunguliwi mpaka Machi inapobisha hodi. Madarasa mengi hayakaliki kwa baridi. Hiyo ndiyo likizo ndefu ya mwaka, na ndani yake huandaliwa kambi za watoto: masomo ya ziada asubuhi, michezo ya barafu mchana, kulala hapo hapo. Kila mwaka hujitokeza waandaaji wapya wenye bajeti zinazofanana kama mapacha. Kuna usafiri, fulana, vitabu, na fungu nono la majiko na kuni. Maoni yetu ni kwamba fungu hilo la mwisho limewekwa pasipostahili. Kambi ya Januari hufaulu au hufeli mwezi Agosti, wakati fundi bado anaweza kukanda udongo bila kuganda mikononi mwake.

Leh, mji mkubwa wa Ladakh, uko kwenye mwinuko wa mita 3,500 hivi. Usiku wa Januari joto la nyuzi -15 ni jambo la kawaida, na maeneo kama Drass na nyanda za Changthang hushuka chini zaidi ya hapo. Lakini Ladakh ni jangwa. Mvua na theluji ya mwaka mzima Leh ni kama milimita 100 tu, na jua huwaka siku zaidi ya 300. Tena jua la majira ya baridi huenda chini chini upande wa kusini: mnamo Desemba 21, saa sita mchana, halipandi zaidi ya thuluthi moja hivi ya njia ya kutoka upeo wa macho hadi utosini. Dirisha la kusini hulipokea mpaka kwenye ukuta wa nyuma. Kiangazi jua hupita juu ya paa na dirisha hilo hilo hubaki kivulini. Anayechoma kuni saa sita mchana Ladakh anachoma fedha.

Kifaa cha kwanza ni ukuta wa Trombe, uliobeba jina la mhandisi Mfaransa Félix Trombe. Unachukua ukuta wa kusini wa matofali ya udongo, unene wa sm 20 hadi 30, unaupaka rangi nyeusi upande wa nje. Mbele yake unaacha nafasi ya sm 10 hivi, kisha unasimamisha fremu ya mbao yenye kioo, na kingo zote zinazibwa vizuri. Ukuta unatobolewa matundu madogo chini na juu. Hewa baridi ya chumbani hutoka kwa tundu la chini, hupata moto kati ya kioo na ukuta, hupanda, na kurudi chumbani kwa tundu la juu. Joto lililonyonywa na udongo wenyewe husafiri polepole na kutokea upande wa ndani baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili, yaani usiku, watoto wakiwa wamelala.

Matundu hayo lazima yawe na vifuniko, na vifuniko vifungwe jua linapozama. Yakiachwa wazi, mzunguko hugeuka: hewa ya chumbani hupoa kwenye kioo, hushuka, na ukuta mzima hugeuka friji. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na halitokani na ujinga. Hutokea kwa sababu kazi ya kufunga vifuniko haikupewa mtu mwenye jina. Ukiandika "wanafunzi watafunga" kwenye ratiba, hakuna atakayefunga.

Pesa zikiwa haba, funga banda la nailoni ngumu upande mzima wa kusini, nailoni ya aina inayohimili jua kali, na madirisha ya vyumba yafunguke ndani ya banda hilo mchana. Mwanzo wa kiangazi inavuliwa na kukunjwa. Kituo cha elimu cha SECMOL kijijini Phey, karibu na Leh, kimetumia kwa miaka mingi udongo, vioo na nailoni ya namna hii kupasha joto majengo yake kwa jua. Wakati huohuo, ng'ambo ya barabara, mtu anajenga ukumbi wa matofali ya saruji wenye madirisha makubwa ya kaskazini, kisha anaomba ruzuku ya kuni.

Paa lisisahaulike, maana joto hupanda. Paa la Kiladakhi ni la miti ya mipopla, juu yake fito za mierebi, nyasi na udongo. Ongeza tabaka la nyasi kavu au vumbi la mbao la sm 15, kavu kabisa, kwa sababu likilowa halizuii chochote. Mlango wa nje uwe na mwenzake wa ndani, na kijichumba katikati. Madirishani tundika mablanketi mazito jua linapozama. Na watoto walale pamoja katika chumba kikubwa, wasitawanywe wawili wawili. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la karibu wati 80 na mtoto pungufu ya hapo, kwa hiyo watoto 30 ni zaidi ya wati 1,000, bila moshi wala bili.

Jiko lina nafasi yake, ila liwe la ziada. Bukhari, yaani jiko la bati lenye dohani, hulishwa kuni au samadi kavu. Dohani ipite juu ya paa kwa karibu mita moja, viungo vyake visivuje, masizi yakwanguliwe kila wiki. Karibu na jiko pawe na tundu la hewa la sm 10 kwa 10 ambalo haliruhusiwi kuzibwa, hata mtoto alie baridi namna gani. Jiko linazimika kabla taa hazijazimwa. Sigri ya makaa haiingii chumba cha kulala, wala hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea hewa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na mtu aliyelala hapati nafasi ya kuistukia. King'ora cha kuitambua kiwekwe karibu na usawa wa kichwa cha aliyelala, chenye betri mpya.

Mahali hapa panahitaji umakini zaidi kuliko kwingine, kwa sababu dalili za gesi hiyo, kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu, ni zilezile za ugonjwa wa mwinuko. Mwalimu mgeni akiamka kichwa kinamgonga, kila mtu husema "ni mwinuko tu, kunywa maji". Sasa tazama walio naye chumbani. Wazaliwa wa hapo nao wakiumwa kichwa, usijadili. Toa wote nje, fungua madirisha, ondoa moto. Wakipata nafuu nje, jiko ndilo mshtakiwa.

Kuhusu mwinuko wenyewe, msomaji aliyelala Horombo pale Kilimanjaro, mita 3,720, anaujua usiku wake. Tofauti ni kwamba Horombo hufikiwa kwa miguu siku ya pili, na Leh kwa ndege kutoka Delhi kwa muda usiozidi saa moja na nusu hivi. Mwili haujaambiwa kitu. Wageni wote wapumzike saa 48 za kwanza: hakuna kufundisha, kubeba maji, wala kuteleza barafuni. Dawa ya acetazolamide, miligramu 125 mara mbili kwa siku, hutumika kama kinga kwa watu wazima, kwa ushauri wa daktari na kabla ya safari. Mtu anayehema akiwa ameketi, au anayeshindwa kutembea mstari mmoja kisigino kwa kidole, hangojewi mpaka asubuhi. Anahitaji oksijeni na hospitali, na kushushwa haraka iwezekanavyo.

Waandaaji wengi hawajui kwamba hatari hii haiwahusu wageni pekee. Watoto wa Ladakh wanaosoma Jammu, Chandigarh au Delhi wakirudi nyumbani kwa likizo wanaweza kujaa maji mapafuni ndani ya siku mbili tatu za kwanza, ingawa wamezaliwa huko huko juu. Watoto hupatwa zaidi kuliko watu wazima. Kwa hiyo fomu ya kujiandikisha iulize swali hili: umefika lini kutoka bondeni? Vijana wa vyuo wanaorudi, ambao kwa maoni yetu ndio walimu bora wa kambi kuliko mgeni yeyote wa kujitolea, nao wapewe saa zao 48.

Maji. Watoto 50 na wakubwa 10, kwa lita 12 kila mmoja, ni lita 720 kwa siku, yaani madumu 36 ya lita 20. Bomba la kawaida litaganda. Linalofaa limefukiwa zaidi ya mita moja na lina mteremko wa kujikausha lenyewe baada ya kila matumizi. Maji yakisimama ndani, yatapasua. Matangi yakae ndani ya banda la nailoni, na mapipa yasijazwe mpaka juu, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9. Mpango wa "tutayeyusha barafu" ukatae mapema: kuyeyusha kilo moja ya barafu hula joto sawa na la kupasha kilo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80, kabla hujapata hata ya vuguvugu.

Choo cha kuvuta maji ni uharibifu mtupu wakati huu. Choo cha Kiladakhi cha ghorofa kinashinda: unajisaidia juu kupitia tundu sakafuni, unasukumia udongo mkavu kwa koleo, na chumba cha chini hukombwa baadaye kwenda shambani kama mbolea. Udongo huo uchimbwe na kukaushwa kabla ya Novemba, maana ukiganda hauchimbiki kwa jembe. Kinyesi nacho huganda na kujijenga mnara chini ya tundu, kwa hiyo weka nondo ndefu na mtu wa kuuangusha kila siku mbili. Kazi ya aibu, lakini bila hiyo choo hujaa katikati ya kambi.

Jikoni, maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, na maharage hayaivi bila sufuria ya presha hata yakilazwa majini usiku kucha. Mtungi wa gesi ukikaa nje usiku, mwali unafifia. Uweke jikoni penye hewa, na ukipoa mno uusimamishe kwenye maji ya vuguvugu, kamwe si juu ya moto. Chakula cha wenyeji, supu ya thukpa na unga wa shayiri iliyokaangwa, kinatosha bila mbwembwe.

Barafu ya mchezo wa hoki inataka ardhi sawa, tuta la sm 15 kuzunguka, na maji ya tabaka jembamba la milimita 2 au 3 usiku, kila moja ligande kabla ya jingine. Ukimwaga yote kwa pamoja, juu huganda na chini hubaki tope, nalo hupasuka mtoto wa kwanza akipita. Mwisho wa mchezo ni saa tisa alasiri. Kivuli cha mlima kikishafika, joto huanguka ghafla, na soksi zilizolowa jasho huwa hatari zaidi kuliko upepo.

Tarehe zisipangwe kwa kalenda ya mfadhili. Losar, sikukuu ya mwaka mpya ya Ladakh, kwa kawaida huangukia Desemba na watoto hawatoki nyumbani. Wilayani Kargil, magharibi mwa Ladakh, wengi ni Waislamu, na mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaingia Februari. Januari ndiyo inayobaki kwa wote. Kambi yenye walimu wageni isipungue wiki tatu, vinginevyo siku za kupumzika na za safari zinameza siku za kazi. Barabara ya Manali imefungwa wakati huo, ile ya kutoka Kashmir kupitia mlima wa Zoji La haiaminiki, na ndege nyingi za Leh huruka asubuhi tu, tena mawingu yakitanda hazitui. Tiketi ya kurudi ikatwe siku mbili au tatu baada ya kufunga, na chakula cha siku hizo kihesabiwe tangu Agosti.