Kifundo cha mguu: kutoboa mfupa au kukopa gotini?

Mtu kateguka kifundo uwanjani, kachuliwa, eksirei ikaonyesha mfupa ni mzima. Miezi sita baadaye, akishuka ngazi bado kuna kitu kinachoma ndani, na ikifika jioni kifundo kimejaa. Aghalabu ni MRI inayokuja kufichua: juu ya talasi, ule mfupa uliobanwa katikati ya kifundo, gegedu, ile tabaka laini inayofunika mfupa kwenye kiungo, limebanduka na mfupa wa chini yake umeumia. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo kulingoja lijizibe lenyewe ni kazi bure. Mapumziko na mazoezi ya tiba vikishindwa, inabaki meza ya upasuaji.

Njia iliyozoeleka ni ya matundu. Kamera huingizwa kupitia mkato mdogo, gegedu bovu hukwanguliwa, kisha mfupa hutobolewa vijitundu vilivyoachana milimita 3 hadi 4, ili damu na uboho vipate kupanda juu, vigande na kuziba pengo. Mkato ni mdogo, gharama ni nafuu. Ila kinachoota hapo si gegedu la asili, ni la nyuzi, lisilostahimili msuguano kama lile la kwanza. Kiraka, kwa kifupi. Jeraha likiwa dogo, kiraka kinatosha. Mpaka uliotumika sana ni milimita za mraba 150, na siku hizi wengi wameushusha hadi 100 hivi.

Ya pili ni kukopa: kijiti cha mfupa chenye gegedu lake hutolewa gotini, pasipobeba uzito sana, kikapandikizwa kwenye talasi. Hili ni gegedu halisi, na wanaoipigia debe njia hii huishia hapo. Lakini kijiti lazima kiingie wima. Jeraha likiwa upande wa ndani, mara nyingi ile nundu ya mfupa inayojitokeza ubavuni mwa kifundo huziba njia, hivyo hukatwa kwanza, halafu ikarudishwa kwa skurubu. Na goti lililokuwa zima linaweza kubaki linauma.

Kwa jeraha dogo la mara ya kwanza, mimi nipo upande wa matundu. Jeraha kubwa, au lenye kishimo cha maji mfupani, ni jambo jingine: pale kiraka hakina pa kushika, na kutoboa kwa sababu tu ni rahisi ni kumpotezea mgonjwa mwaka. Kuna pia kuotesha seli za gegedu maabara, mbinu ya Wasweden iliyotangazwa mwaka 1994 kwa magoti, lakini kwa kawaida hudai upasuaji mara mbili na bei yake si ya wengi.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini ile fomu, daktari aulizwe: jeraha lina milimita ngapi, na mfupa chini yake ukoje?