Ngisi wa Feri na Umeme wa Wizi

Nyumba yetu ya Temeke ina mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na wapangaji kila chumba. Uniti zikiisha, kila mtu anajifanya kalala. Usiku ule zilikata, tukanyamaza gizani, tunategeana.

Mimi nilikuwa na ngisi wangu wa soko la samaki la Feri kwenye beseni, nimewalaza katika maji ya chumvi na barafu tangu jana yake. Usiku wa manane mlango ukagongwa kwa ugongaji wa mdai.

"Mwalimu, fungua! Umeunga umeme wa wizi!"

Mama mwenye nyumba, na nyuma yake wapangaji wote. Wameona mwanga dirishani kwangu. Nikageuka: beseni linawaka! Mwanga hafifu wa buluu na kijani, lakini kwa giza lile ungehesabu minyiri.

Nafundisha kemia, ulimi ukaniwasha. "Mama, wanaowaka ni bakteria wa baharini walio juu ya ngisi." Nikamweleza kuwa wana kimeng'enya, yaani kichocheo cha kemikali, kiitwacho lusiferasi, kinachotumia oksijeni, flavini (jamaa ya vitamini B2) na aldehidi ya mnyororo mrefu, tetradekanali, kaboni 14 zimepanga foleni. Aldehidi inageuka asidi ya mafuta, mwanga unatoka. Aldehidi isipokuwepo, giza. "Chukulia ndiyo uniti zao."

Mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye tangu ahamie hajatoa hata mia ya LUKU, akadakia: "Na zikiisha?"

"Asidi ileile wanairudisha kuwa aldehidi."

"Bure?"

"Thubutu! Kila mzunguko wanatoa nishati yao wenyewe."

Akaguna. Nikaona nimwonyeshe na kazi ya oksijeni. Mwanasayansi Robert Boyle alishaonyesha tangu 1668 kwamba samaki anayewaka akinyimwa hewa hufifia. Nikakoroga maji kwa mwiko, hewa iingie.

Mwanga ukapanda. "Audhubillahi!" Bibi wa chumba cha mbele akarudi kinyumenyume, akamkumba mtu, mtu akalikumba beseni. Ngisi wakatapakaa ukumbini huku wanawaka. Paka akadaka mmoja, akaruka ukuta mdomo unang'aa, na baada ya muda tukasikia mayowe nyumba ya pili.

Mama mwenye nyumba hakutikisika. Kashika kiuno, kamkazia macho yule wa chumba cha nyuma.

"Umemsikia mwalimu? Hata bakteria anachangia. Elfu tano, sasa hivi."

Yule bwana akasema pesa iko kwenye simu, na simu haina chaji.