Kwa Nini Utumwa Haukuharamishwa kwa Neno Moja? Swali Lililoulizwa Lamu

Katika darsa moja ya baina ya Magharibi na Isha hapa Lamu, kijana wa kidato cha nne alimuuliza maalimu wetu swali lililowafanya hata wazee walioegemea nguzo wakae sawa. Alisema: "Maalim, Mtume (s.a.w.) aliharamisha riba waziwazi, na ulevi ukaharamishwa waziwazi. Kwa nini utumwa haukuharamishwa kwa neno moja, watu wakaishia hapo?" Maalimu hakumkemea. Alifunga kitabu, akasema, "Mwanangu, umeuliza jambo kubwa. Nipe wiki moja."

Tangu usiku ule swali lile halijaniacha, kwa sababu mimi naishi ndani yake. Chumba ninacholala kipo chini katika nyumba ya kale ya mawe, mtaa wa Mkomani. Juu kuna zidaka (vishubaka vya ukutani), nakshi za chokaa na upepo wa bahari. Chini dari iko karibu na kichwa, kuta ni tupu, na hewa huingia kwa tundu moja lisilozidi upana wa msahafu. Wenyeji wanajua vyumba vya chini vya nyumba kama hizi walikuwa wakilazwa kina nani.

Uzito wa swali la kijana unatokana na mambo mawili ambayo Muislamu huyakubali kwa pamoja. La kwanza ni kwamba Qurani, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 3, imetangaza kuwa dini imekamilishwa. La pili ni kwamba Mtume hakuona haya kuingia katika mambo madogo kabisa ya maisha: imepokewa na Imam Muslim kwamba washirikina walimwambia sahaba Salman Al-Farisi kwa kejeli kuwa huyu mtu wenu anawafundisha kila kitu, hata namna ya kwenda haja, na Salman akawajibu bila kutahayari kuwa ndivyo, ametukataza kuelekea kibla katika hali hiyo na ametukataza kujisafisha kwa mkono wa kulia. Basi ana haki mtu kuuliza ilikuwaje dini iliyokamilika, ya mwalimu aliyefundisha hata adabu za chooni, ikaacha jambo zito kama kummiliki binadamu bila ya kulifunga kwa tamko moja.

Jibu ambalo wengi wetu tumelelewa nalo tangu chuo cha Qurani ni kwamba kimya cha sheria ni rehema. Katika Hadithi Arubaini alizozikusanya Imam Nawawi, ile ya 30 inasema kuwa Mwenyezi Mungu amefaridhisha faradhi, basi msizipoteze. Ameweka mipaka, basi msiivuke. Ameharamisha vitu, basi msivivunjie heshima. Na ameyanyamazia mambo kwa kukuhurumieni na si kwa kusahau, basi msiyachimbue. Qurani nayo, katika Al-Maida aya ya 101, inawakataza waumini kuuliza mambo ambayo wakidhihirishiwa yatawachukiza. Na kisa cha Hija kinaeleza maana yake vizuri kuliko ufafanuzi wowote: Mtume alipotangaza kuwa Hija ni wajibu, mtu mmoja akauliza, "Je, kila mwaka?" Mtume akanyamaza mpaka yule mtu akakariri mara tatu, ndipo akasema kuwa lau angesema ndiyo, ingekuwa wajibu, na wasingeiweza. Fikiri umma mzima ungekuwa katika dhiki gani leo kwa sababu ya mtu mmoja aliyeshindwa kustahimili kimya.

Kimya cha namna hii ndicho kilichoipa fikihi, yaani elimu ya sheria za dini, nafasi ya kupumua. Sahaba Muadh bin Jabal alipotumwa na Mtume Yemen aliulizwa atahukumu vipi, akasema kwa Kitabu, kisha kwa Sunna, na asipopata humo atajitahidi kwa rai yake; wanahadithi wameijadili isnadi (mlolongo wa wapokezi) ya riwaya hiyo, lakini wanafikihi wameitegemea kizazi baada ya kizazi. Mambo yasiyokuwapo zama za Mtume yakapimwa kwa njia hiyo. Kahawa, ambayo leo haikosekani katika baraza lolote la Lamu, ilipigwa marufuku Makka mwaka 1511 baada ya gavana kuwakusanya maulamaa na matabibu, kisha marufuku ile haikudumu. Kuhusu miraa, ambayo hutufikia kwa boti kutoka Mokowe na kutafunwa mpaka alfajiri, Ibn Hajar Al-Haytami, ambaye ni miongoni mwa nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, aliulizwa na watu wa Yemen katika karne ya 16. Akaona habari za athari zake zinagongana, akawausia watu waiepuke, lakini hakuthubutu kuitia muhuri wa haramu. Unga wa heroini, kwa upande mwingine, haujahitaji mjadala mrefu, maana hadithi inayosema kila kinacholevya ni haramu imeukuta mlangoni. Mimi naona huu ni uwezo mkubwa: mwalimu aliacha kipimo, na kipimo hupima hata kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiona.

Majirani zetu Wakristo wana kimya chao pia. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, mtu alimwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi, naye akakataa, akauliza ni nani aliyemweka kuwa mwamuzi na mgawanyi juu yao, kisha akawaonya watu kuhusu tamaa. Kwetu sisi, ambao Qurani imetugawia urithi kwa nusu, robo na thumni, jibu hilo linashangaza. Lakini ukilitazama vizuri utaona kuwa alikataa kugawa shamba ili aushike ugonjwa ulioleta ugomvi wa shamba. Paulo naye, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anatofautisha wazi baina ya amri ya Bwana na shauri lake mwenyewe, na kwa habari ya wanawali anakiri kuwa hana amri. Uaminifu wa namna hiyo ni mgumu, kwani mtu mwenye wafuasi huwa na kishawishi cha kumtia mwalimu wake maneno mdomoni.

Hapa ndipo baadhi ya wanaotetea dini husimama, wakaona swali limejibiwa. Halijajibiwa. Kahawa na miraa hazikuwapo Madina. Utumwa ulikuwapo, ulionekana, ulipita mbele ya mlango. Kanuni inayonasibishwa kwa Imam Shafi inasema kuwa aliyenyamaza hanasibishiwi kauli, lakini wanafikihi wakaikamilisha wakasema kuwa kunyamaza mahali panapohitaji maneno ni maneno. Ndiyo sababu Sunna yenyewe ina mafungu matatu: kauli, kitendo, na ukimya wa Mtume juu ya jambo lililofanywa mbele yake. Sahaba Khalid bin Al-Walid alikula nyama ya mburukenge wa jangwani mbele ya Mtume, Mtume hakuila wala hakuikataza, na kule kuiacha iliwe mbele yake kukawa hoja ya uhalali mpaka leo. Kwa kipimo hicho hicho, anayeuliza juu ya utumwa hawezi kuambiwa tu kwamba kimya ni rehema. Rehema kwa nani? Aliyelala chumba cha chini hakuionja.

Kusema kweli, katika utumwa hakukuwa na kimya kamili, na hili ndilo jibu la pili, ambalo ni zito zaidi. Sheria ilifungua milango mingi ya kutoka. Kafara ya kuua kwa makosa na ya kumfananisha mke na mama zinaanza na kumwacha huru mtumwa, na ile ya kuvunja kiapo inakutaja miongoni mwa hiari zake; zaka ina fungu la kuwakomboa; Sura ya An-Nur, aya ya 33, inaamrisha mtumwa anayetaka mkataba wa kujikomboa aandikiwe; na Mtume alimwambia Abu Dharr kuwa hao ni ndugu zenu, walisheni mnachokula na wavisheni mnachovaa. Wenye kauli hii wanasema kuwa jambo lililokita mizizi namna ile lisingeng'oka kwa siku moja, na wanatoa mfano wa ulevi, ambao ulikatazwa kwa hatua.

Ninaiheshimu hoja hii, lakini inagonga mwamba mmoja ambao kijana wetu aliuona kabla yetu. Riba nayo ilikuwa imekita mizizi Makka, mji wa wafanyabiashara, na bado katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijria, Mtume aliifuta mbele ya umati, akaanza na riba ya Abbas, ami yake mwenyewe. Inaweza kujibiwa kuwa mdaiwa aliyefutiwa riba hurudi kwake na watu wake, ilhali mtumwa aliyeachwa siku moja pamoja na maelfu wenzake, hana kabila la kumkinga wala shamba la kumlisha, angeweza kuangukia mikono mibaya zaidi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake kwa zama zile. Halitoshi kuwafunika watu wa karne 13 zilizofuata, ambao walikuwa na nafasi ya kuimaliza safari iliyoanzishwa, wakakaa njiani.

Na hapa ndipo naona lawama inapostahili kuelekezwa. Milango ya kutoka ilikuwa mingi, lakini mashamba ya Malindi hayakujaa kwa sababu milango ya kutoka ilikuwa michache. Yalijaa kwa sababu mlango wa kuingilia uliachwa wazi na watu waliojua. Malindi ilipofufuliwa katika karne ya 19 chini ya utawala wa masultani wa Zanzibar, mtama na ufuta uliopakiwa majahazini kwenda Uarabuni ulilimwa na watumwa waliotolewa bara. Walipatikanaje? Katika fikihi ya zamani, njia iliyoruhusiwa ya kumtia mtu mpya utumwani ilikuwa mateka wa vita vya halali, na hata juu ya mateka, aya ya 4 ya Sura Muhammad inataja kuwaacha kwa hisani au kwa fidia. Mtoto aliyenyakuliwa kijijini kwake na kuuzwa hakuwa mateka wa vita vyovyote. Na juu yake haukuwapo ukimya hata kidogo: katika hadithi ya Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema kuwa watu watatu Yeye atakuwa hasimu wao Siku ya Kiama, na mmoja wao ni mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita kimya cha Mtume ni kimya cha waliokuja baada yake. Nasema sehemu kubwa, wala sisemi yote. Mtumwa aliyezaliwa utumwani, na kijakazi ambaye bwana wake alihalalishiwa mwili wake, hawa hadithi ile haiwafikii, na sina jibu juu yao linaloituliza nafsi yangu. Ninaamini kuwa Mwenyezi Mungu hakusahau. Lakini imani hiyo hainipi ruhusa ya kumnyamazisha anayeuliza, hasa nikikumbuka kuwa sheria ya kuuondoa utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907 kwa mkono wa serikali ya Kiingereza, na haikuandikwa na makadhi wetu, ambao walikuwa na kila dalili mbele yao. Wakristo wasijitoe katika hesabu hii: waraka wa Paulo kwa Filemoni, unaomwomba bwana ampokee Onesimo kama ndugu na si kama mtumwa tena, ulisomwa makanisani kwa karne nyingi huku Wakristo wakinunua na kuuza watu, na kule Marekani ulisomwa na pande zote mbili za ugomvi.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na ushahidi upo hapa hapa mjini. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija katika visiwa vya Komoro, aliwafungulia darsa watu wa asili ya utumwa pale mtaa wa Langoni, wakati ambapo kwa waungwana wengi wa Lamu elimu ilikuwa mali ya nasaba. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa. Yeye hakuwa na aya mpya wala hadithi ambayo wao hawakuijua. Alisoma vitabu vile vile, akaona mtu pale ambapo wenzake waliona mtwana. Msikiti wa Riyadha aliouasisi umesimama mpaka leo, na wajukuu wa wale waliokatazwa mlango ni miongoni mwa wanaoujaza.

Baada ya wiki moja maalimu alitimiza ahadi. Hakuleta hotuba ndefu. Aliitaja ile hadithi ya Arubaini, akaeleza milango ya kafara, kisha akaisoma hadithi ya mtu huru aliyeuzwa, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, polepole, mara mbili. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Maalim, hadithi hii ilikuwa ikisomwa Lamu zama zile?"

Maalimu alikaa kidogo, kitabu kimefunguka mapajani mwake.

"Ilikuwa ikisomwa, mwanangu," akasema. "Babu yake babu yangu alikuwa mmoja wa walioisomesha."