Singe ya Mjomba na Nyuki wa Isevya

Mjomba wangu wa Isevya, hapa Tabora, ana singe ya urithi, kile kisu kirefu cha kuchomekwa mbele ya bunduki. Anaapa kwamba babu yake alimpokonya Mjerumani siku ile Tabora inaanguka. Sasa, Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916, na singe yenyewe, ukisoma karibu na mpini, ina taji, chini yake 1907, halafu 4 '17. Hiyo 1907 ni mwaka wa muundo, na muundo ni wa Kiingereza. 4 '17 ni Aprili 1917, ilipotengenezwa. Nilipomwonyesha alinitazama kwa huruma: "Mpwa wangu, Wajerumani walikuwa wanajipanga mapema."

Juzi akaingia gereji na shauri lake: niikate ibaki sentimita 20, niipige grainda ing'ae, kisha ikapigwe kromu awe anachinjia mbuzi wa Idi. Eti kwa sasa haikati hata nyanya.

Nikamwambia ile ni silaha ya kuchoma, sentimita 43 za chuma, nyanya haikuwemo kwenye hesabu. Grainda ikiipasha moto mpaka ukingo ugeuke bluu, ujue imefika kama nyuzi 300 na ugumu wake umeondoka. Utainoa kila mbuzi. Halafu zile alama ndizo anazolipia mnunuzi: taji, mshale wa serikali ya Uingereza upande wa pili, X ya kuonyesha ilipindwa ikajaribiwa, hata kile kitundu kwenye kichwa cha mpini kilichoanza kutobolewa 1916 ili uchafu utoke. Ukizifuta, unauza chuma chakavu kwa kilo.

Neno "kilo" lilimwingia. Akakubali tuitunze.

Kutu tuliilowesha kwa mafuta ya cherehani, kisha nikaikwangua kwa kipande cha bomba la shaba la friji nilichokiponda kikawa bapa. Shaba ni laini kuliko chuma, haichubui. Unatoa kutu nyekundu tu. Ule weusi unauacha, ndio umri wake. Skrubu mbili za mpini sikuzigusa, maana bisibisi isiyokaa vizuri inakula kichwa cha skrubu na doa halifichiki. Ala ya ngozi tuliiweka kando: ngozi hunyonya unyevu na kuulisha chuma.

Ikabaki kuipaka nta, na hapo Mjomba, mrina asali toka ujana, akasema niachie mimi.

Nta ya kazi hii huyeyushwa ndani ya maji, ikachujwa kwa kitambaa, ikaachwa igande. Asali inabaki kwenye maji, takataka zinashika chini ya bonge, unazikwangua. Unarudia mpaka isinuke asali kabisa. Ndipo unaiyeyusha tena, chombo kikiwa ndani ya maji ya moto, unaondoa motoni na kuchanganya na tapentaini, fungu moja la nta kwa mawili. Mjomba akasema kurudia rudia ni kupoteza mkaa. Akaleta masega yanachuruzika, akayatia kwenye sufuria, jiko mlangoni, saa nne ya asubuhi, jua kali. Akaipaka singe mpaka ikawa inadondosha.

Nyuki wa kwanza alitua kwenye mpini. "Huyu mpole," akasema Mjomba. Kufumba na kufumbua wapole wakawa wameziba mlango.

Mrina asali ndiye aliyetangulia kutoka. Nyuki walikuwa wanaifuata singe, na singe alikuwa ameishika yeye. Nikapiga kelele, "Itupe, Mjomba!" Akajibu bila kugeuka, "Ya babu hii!" Kijiwe cha bodaboda wakaona mzee wa kanzu anawajia mbio na singe juu. Wao nyuki hawakuwaona, waliona singe tu. Walikimbia wakaacha pikipiki zinaunguruma, na mmoja akaingia duka la dawa kwa dirisha la kuuzia.

Singe tuliiokota mtaroni wakati wa magharibi, nyuki wakisharudi kwao. Niliifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, alama zote zipo. Mdomo wa Mjomba ulikuwa umefura, anaongea kwa mikono.

Mkewe akaingia, akatazama sufuria yake ya ugali: nta imeganda kuta zote, na mbawa za nyuki humo humo. "Singe mmeitunza," akasema. "Hii nani aitunze?"

Hakungoja jibu. Aliifunga singe kwenye kanga akaondoka nayo, na bei ya kuikomboa ni sufuria mpya, yenye mfuniko wake.